Mkopo Bila Hati: Upatu, Vikoba na Marejesho Pembezoni mwa Dar es Salaam

Upatu ni akiba ya kupokezana. Watu wanaofahamiana, tuseme kumi, wanakubaliana kutoa kiasi kilekile cha fedha kila siku au kila wiki, na kwa zamu jumla yote anakabidhiwa mmoja wao mpaka mzunguko utimie. Anayekusanya huitwa kijumbe. Ndiye anayepanga zamu, anayetunza daftari na anayepita kugonga milango ya waliochelewa. Mama lishe kumi wa Tandika wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, jioni mwenye zamu anaondoka na 50,000, fedha ambayo biashara ya sufuria mbili isingemwachia kwa mkupuo hata siku moja. Hakuna riba, hakuna fomu. Wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake tisa. Wa mwisho amewakopesha wenzake tisa. Walio katikati wamefanya yote mawili.

Mchezo huu una dhamana moja tu, nayo ni kujulikana. Anayepokea mapema akatoroka anapoteza jirani, shoga, msaada wa msibani na jina. Historia ya mikopo midogo katika Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake kwa sehemu kubwa ni historia ya mashirika, mabenki na serikali kujaribu kuazima dhamana hiyo ya mtaani, kwa kuwa watu wa huko hawakuwa na nyingine ya kuweka mezani.

Wakati wa ukoloni hali hiyo ilikuwa imeandikwa katika sheria. Kati ya vita viwili vikuu serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilidhibiti mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa mkataba uwe wa maandishi na umepata idhini ya ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ni kumkinga mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka hakuwa na sababu ya kumwamini mchuuzi wa Kiafrika kwa zaidi ya unga na mafuta ya taa ya siku chache. Kilichobaki kilikuwa rehani: kanga au mkufu ulikwenda kwa mkopeshaji katikati ya mwezi, ukakombolewa mshahara ulipotoka, kama ulitosha. Mji ulipofurika baada ya Vita Kuu ya Pili na mitaa ya Waafrika ikaongezeka Ilala, Temeke na Magomeni, wanawake waliokaanga maandazi na kupika pombe walitegemea vikundi vyao wenyewe. Vikundi vya ngoma vilikuwa na viongozi, michango na sare, na kila mwanachama alimjua mwenzake. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, aliwafikia wanawake wa Dar es Salaam kwa kupitia mtandao huohuo.

Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi katika mikopo bila kumfikisha mchuuzi dirishani. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na siku chache tu baadaye mabenki ya kigeni yakataifishwa na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Fedha zilielekezwa kwa mashirika ya umma, viwanda na vyama vya ushirika. Muuza vitumbua hakuwa katika mpango wowote. Wakati huohuo mji ulikuwa ukikua kuliko ramani yake: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu takriban 270,000, na ile ya 1978 ikakuta mkoa mzima una zaidi ya 840,000. Wengi wao walijenga au walipanga Manzese, Tandale, Vingunguti, Mtoni na Mbagala, kwenye viwanja vilivyopatikana kwa kununua kwa mwenye shamba mbele ya mashahidi. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mjumbe wa nyumba kumi ndiyo iliyokuwa hati yao. Kwa jirani ilitosha kabisa. Benki haikuitambua.

Miaka ya 1980 iligeuza biashara ndogo kutoka kitu cha pembeni kuwa tegemeo la familia. Mishahara ililiwa na kupanda kwa bei, maduka yakakosa sabuni na sukari, na mfanyakazi wa serikali akawa anaishi kwa mradi wa mke wake: ufugaji wa kuku, barafu, mchicha, sambusa. Mwaka 1983 serikali ilipitisha sheria ya nguvu kazi, na wasiokuwa na kazi inayotambulika walikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini muda si mrefu. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Manzese na Buguruni mwishoni mwa muongo huo, alikuta miradi ya namna hiyo ikiingiza zaidi kuliko mshahara, na upatu ukiwa umeenea miongoni mwa wanawake waliokuwa na biashara. Inafaa kuzingatia kwamba hayo yote yalitokea kabla ya shirika lolote la mikopo midogo kufungua ofisi mjini. Mashirika yalipokuja yalikuta nidhamu ya kuweka na kulipa ipo tayari.

Kulikuwa na kundi moja ambalo kujulikana kwake kulikuwa hatari badala ya mtaji. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa nchi, na hawakuruhusiwa kutoka bila kibali. Watoto wao walipokua, baadhi walitoroka kuja Dar es Salaam kushona nguo. Marc Sommers, mtafiti wa Kimarekani, alizungumza nao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kitabu chake kilitoka mwaka 2001. Vijana hao walificha asili yao, wakajitambulisha kama watu wa Kigoma, na walilala ndani ya vibanda vya cherehani walimofanyia kazi. Mkopo wao ulikuwa uanagenzi. Fundi aliyetangulia, naye mkimbizi, alimpa kijana cherehani ya kushonea, mahali pa kulala na wateja, na kijana akalipa kwa kazi. Makanisa ya Kipentekoste yaliwaunganisha. Kuingia katika upatu wa mtaa kungemaanisha kuulizwa kwao ni wapi, baba yake ni nani, na siku ya msiba wataenda kuzika wapi. Kijana aliyekuwa akijificha hakuwa na majibu ya maswali hayo, na ukosefu huo ulimfungia nje ya fedha ya majirani kama vile ukosefu wa hati ulivyowafungia majirani nje ya benki.

Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ilivunja ukiritimba wa serikali, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, sehemu yake moja ikawa NMB. Katikati ya muongo huo ndipo mikopo ya vikundi ilipoanza kwa nguvu. PRIDE Tanzania ilianzia Arusha mwaka 1994 kwa msaada wa Norway, ikasambaa mikoani na kufika Dar es Salaam. FINCA ilifuata mwaka 1998, ikianzia Mwanza. BRAC kutoka Bangladesh iliingia mwaka 2006, ikikopesha wanawake zaidi. Mizizi ya utaratibu wao ilikuwa Benki ya Grameen ya Muhammad Yunus: watu watano wanadhaminiana, na vikundi vidogo kadhaa vinakutana pamoja kila wiki. Kwa PRIDE, vikundi kumi vya watu watano vilifanya mkutano mmoja wa watu hamsini.

Siku hiyo ya mkutano iliongeza neno katika Kiswahili cha mjini: marejesho. Wanachama walikaa kwenye mabenchi kwa vikundi vyao, kila mmoja ameshika kitabu na noti zilizokunjwa. Viongozi wa kikundi walihesabu kwanza, kisha fedha zikapelekwa kwa ofisa mikopo. Kama mmoja hakuja, wenzake wanne walitazamana. Ama walichanga hapohapo kufidia, ama mkutano mzima ulisubiri huku wawili wakimfuata nyumbani, na ndiyo maana aliyekuwa na haraka ya kurudi sokoni alikuwa mkali kwa mdaiwa kuliko ofisa mwenyewe. Aliyeshindwa kabisa alichukuliwa makochi, redio au friji na wanachama wenzake. Shirika liliweza kujivunia urejeshaji mzuri bila kuajiri mkusanyaji hata mmoja. Gharama ya kudai ilikuwa imehamishiwa kwenye urafiki wa watu. Katika upatu mdai na mdaiwa ni watu wa zamu moja, na faida haitoki nje ya duara. Katika mkopo wa kikundi ukali ulibaki mtaani, riba ikaenda ofisini.

Kulikuwa na tatizo jingine lililozungumzwa kidogo. Marejesho ya kila wiki, yakianza mara tu baada ya mkopo kutoka, yanamfaa anayeuza kila siku: mwenye genge, muuza samaki wa Feri, mama lishe. Hayamfai fundi seremala anayelipwa kitanda kikikamilika, wala mfugaji wa kuku wa nyama anayesubiri wiki kadhaa kabla ya kuuza. Kwa hiyo mikopo iliwavuta watu kwenye biashara zilezile. Mtaa uliokuwa na magenge matatu ukapata saba, na wateja hawakuongezeka.

Serikali za mitaa nazo ziliingia. Dar es Salaam ilipogawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke mwaka 2000, wazo la benki ya wakazi wa mji lilikuwa mezani, na mwaka 2002 Benki ya Wananchi ya Dar es Salaam, DCB, ilifungua milango, halmashauri hizo zikiwa miongoni mwa wanahisa. Nayo ilikopesha vikundi. Hisa zake ziliandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008. Katika miaka hiyohiyo Wizara ya Ardhi ilipima nyumba katika makazi holela ya jiji na kutoa leseni za makazi, kwa matumaini kwamba mwenye nyumba wa Manzese au Mbagala angeipeleka leseni benki na kupewa mkopo. Leseni zilidumu kwa muda mfupi, na mabenki mengi yalisitasita kuzipokea. Wenye nyumba nao walikuwa na hofu ya kuweka rehani paa linalowafunika wapangaji, ndugu na wajukuu. Kadi ya kikundi iliendelea kufungua mlango ambao leseni haikuufungua.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka Niger. Huko, mwaka 1991, shirika la CARE lilianza kufundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao, bila fedha ya mfadhili. Utaratibu huo ulifika Zanzibar, ukavuka bahari kuja Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ukarekebishwa na shirika la SEDIT na wengineo kuwa VICOBA, kifupisho cha Kiingereza cha benki za jamii vijijini. Jina la vijijini halikuuzuia mji kuuchukua. Baada ya miaka michache vikoba vilikuwa Ukonga, Mbagala, Tegeta na Kimara, kwenye makanisa, kwenye ofisi za serikali na katika kumbi za harusi, na neno likapata wingi na umoja wake kana kwamba limezaliwa katika Kiswahili: kikoba, vikoba.

Kitovu cha kikoba ni sanduku. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Kwa kawaida kikundi hakizidi watu thelathini, waliogawanyika katika makundi ya watano wanaodhaminiana. Mwanachama anaitwa kwa namba, anasogea, anataja hisa anazonunua, mhesabu fedha anahesabu kwa sauti, katibu anaandika. Aliyechelewa analipa faini, na simu ikilia faini inalipwa papo hapo, mara nyingi kwa vicheko. Mfuko wa jamii unakaa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mkopo huwa hadi mara tatu ya hisa za mtu, na ziada inayolipwa inarudi ndani ya sanduku. Mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka mmoja, hesabu inafungwa na kila mtu anapewa gawio kulingana na hisa zake. Siku ya kuvunja kikoba hupangwa Desemba, kabla ya sikukuu na ada za Januari.

Kikoba kina udhaifu wake. Sanduku linanona mwishoni mwa mwaka, na wezi wanalijua hilo kama wanachama wanavyolijua. Wapo wanaonunua hisa kwa fedha ya mkopo wa kikoba kingine, hivyo deni linazunguka mtaani likionekana kama akiba. Walio na kipato kikubwa huvuna gawio kutokana na ziada inayolipwa na wenye shida, jambo ambalo vikoba vya Waislamu vilijaribu kulikwepa kwa kuondoa riba na kubaki na michango. Hata hivyo ziada haiondoki mtaani, na katika hilo kikoba kiko karibu na upatu kuliko mkopo wa ofisini.

Imani ya watu wanaojuana, inayobeba upatu na kikoba, imewahi pia kutumiwa vibaya. Mwanzoni mwa mwaka 2009 foleni zilifungana Mabibo, wakati huo ndani ya Kinondoni, kwenye ofisi za DECI. Mtu alipanda mbegu, yaani alitoa fedha, akaahidiwa kuvuna maradufu baada ya miezi michache. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na habari zilisambaa kanisani na sokoni kwa njia zilezile zinazosambaza habari za kikoba kizuri. Waliovuna mapema walionyesha fedha zao kweli. Zilikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Serikali iliifunga mwaka huohuo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Fedha za umma zimekuwa na historia ya kukatikakatika. Mfuko wa maendeleo ya wanawake ulianzishwa mwaka 1993, na halmashauri zikatakiwa kuchangia sehemu ya mapato yao. Mwaka 2006 yakaja yale yaliyoitwa mtaani mabilioni ya JK, yaani ya Rais Jakaya Kikwete, shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa, kwa kupitia mabenki. Malalamiko kwamba wenye nacho waliwahi foleni yalianza mapema. Mwaka 2018 sheria ilizilazimu halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Temeke na Kinondoni, zenye masoko, bandari na viwanda, zina mapato ambayo halmashauri za vijijini hazina, kwa hiyo asilimia hiyo huko ni fedha ya kweli. Vikundi hewa vilijitokeza. Urejeshaji ukalegea, kwani wengi waliichukulia kama sadaka ya serikali. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu upitiwe upya, ikarudi mwaka 2024.

Sharti moja katika mikopo hiyo ni uraia, na hapo habari ya mkimbizi inarudi. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae kambini, na anayeonekana Dar es Salaam bila kibali ana kosa. Warundi wa 1972 walipata njia tofauti: zaidi ya 162,000 waliidhinishiwa uraia mwaka 2010, ingawa vyeti viliwafikia baadaye, kuanzia 2014. Fundi nguo aliyewahi kujificha angeweza sasa kuingia kwenye kikundi kwa jina lake. Waliokuja baadaye, Wakongo wa kambi ya Nyarugusu na Warundi waliokimbia mwaka 2015, walibaki Kigoma. Mpango wa Shirika la Chakula Duniani, WFP, wa kuwapa fedha taslimu badala ya mgao wa chakula huko Nyarugusu ulisitishwa Agosti 2017. Uganda, ambayo sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, ilishuhudia taasisi ya mikopo midogo ya UGAFODE ikifungua tawi ndani ya makazi ya Nakivale mwaka 2020. Tofauti haikutokana na ukarimu wa wakopeshaji. Uganda mkimbizi anaruhusiwa kujulikana alipo na anachofanya, na mkopeshaji anaanzia hapo.

Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ilipanga uwanja mzima katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo (SACCOS), na vikundi vya kijamii kama vikoba, vinavyosajiliwa kwa kupitia halmashauri. Kwa daraja la pili Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mitaani kikomo hicho kilikutana na mikopo ya kausha damu. Jina hilo walilitunga wakopaji wenyewe. Kwa mfano, mwanamke anachukua 100,000 na kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 135,000, yaani riba mara kumi ya kikomo, na kwa kuwa deni linapungua kila siku, bei halisi ya fedha aliyonayo mkononi inakaribia maradufu ya hapo. Ada ya fomu inakatwa mwanzoni, hivyo hata hiyo 100,000 haondoki nayo yote. Anakubali kwa sababu fedha inatoka siku hiyohiyo, na kwa sababu marejesho ya kikundi chake ni kesho.

Hatua ya mwisho iko kwenye simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2014 M-Pawa ikaruhusu kuweka na kukopa bila kufika benki, simu ikipima matumizi ya mtu badala ya jirani kumpima. Baadaye zikaja programu za mkopo ambazo humtaka mkopaji afungue orodha yake yote ya namba. Akichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa bosi, kwa mchungaji, kwa wakwe, kwa fundi bomba aliyewahi kumpigia mara moja, kwamba fulani ni tapeli. Mdai haishi mtaani kwao, hajawahi kumwona, na hatakuwepo msibani kwake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na kuwaonya wananchi wasizitumie.